Black Butler: Shetani Asiyeshindwa na Mtoto Anayetoa Amri

Mwandishi anayeumba shujaa asiyeshindwa hujitafutia taabu. Mtazamaji akishajua kwamba mtu huyu hapigwi wala hafi, mapigano hukosa chumvi. Black Butler, hadithi ya katuni ya Kijapani ambayo Wajapani wenyewe wanaijua kwa jina la Kuroshitsuji, ilijitwika taabu hiyo tangu mwanzo. Sebastian Michaelis, mtumishi mkuu wa jumba la ukoo wa Phantomhive, ni shetani aliyevaa suti nyeusi na glavu nyeupe. Katika sehemu ya pili tu ya msimu wa kwanza anamiminiwa risasi, anaanguka, kisha anainuka na kuwarudishia waliompiga risasi zao zilezile. Baada ya hapo, nani atakaa roho juu akihofu kwamba Sebastian atashindwa?

Hata hivyo mfululizo huu umedumu. Manga, yaani hadithi ya picha ya kusomwa, ya Yana Toboso ilianza kutoka mwaka 2006 katika jarida la Monthly GFantasy la kampuni ya Square Enix. Anime, yaani katuni ya kutazamwa, ilianza Oktoba 2008, ikitengenezwa na studio ya A-1 Pictures, na hadi 2025 ilikwisha kupata misimu mitano ya televisheni, filamu moja ya sinema, na vipande vingine vya pembeni. Mfululizo mwingi wa giza na mashetani ulioanza wakati uleule umeshasahaulika. Huu bado unabishaniwa, na wanaoupenda na wanaouchukia huwa na sababu nzuri pande zote mbili.

Nionavyo mimi, uzito wote wa Black Butler uko kwenye amri. Kwa kuwa Sebastian anaweza kila kitu, swali la maana halihusu nguvu zake. Swali ni bwana wake, huyu mtoto wa miaka 12, Ciel Phantomhive, ataamuru nini leo, na amri hiyo itamgeuza awe nani. Kila hadithi inapokumbuka swali hilo, mfululizo unapanda juu sana. Kila inapolisahau, yanabaki mavazi mazuri na kelele.

Tuanze na mkataba wenyewe, maana wengi hutazama bila kuuzingatia. Tarehe 14 Desemba 1885, siku Ciel alipotimiza miaka kumi, jumba lao lilichomwa na wazazi wake wakauawa. Yeye akauzwa kwa kundi la watu wa ibada za giza, wakamfungia, wakamtesa na kumdhalilisha kwa muda wa mwezi mzima. Humo ndimo alimoitikiwa na shetani. Masharti ya mtoto yalikuwa matatu: unilinde bila kunisaliti mpaka nilipe kisasi, utii amri zangu zote, na usiniambie uongo kamwe. Malipo ni roho yake. Alama ya mkataba ikakaa kwenye jicho lake la kulia, ndiyo maana analifunika.

Msomaji wa pwani yetu ana njia ya mkato ya kuelewa jambo hili. Mtu akitajirika ghafla husemwa kwamba kafuga jini, na jini lazima lilishwe kafara. Ila katika masimulizi tuliyokulia nayo, anayetolewa kafara ni ndugu au mtoto wa mtu, na tajiri mwenyewe huendelea kula. Ciel amejiweka rehani mwenyewe. Hapo ndipo Toboso anapotunasa: tunamhurumia mtoto kwa kuwa tunaamini ni yeye peke yake atakayelipa deni. Kadiri hadithi inavyosonga tunagundua kwamba wapo wengine wengi wanaolipa kabla yake, nao hawakutia saini popote.

Sharti la tatu, lile la kutodanganya, ndilo lililoandikwa kwa akili kuliko yote. Shetani asiyeruhusiwa kusema uongo hulazimika kuwa fundi wa kusema ukweli kwa kipimo. Tazama kisa cha Jack the Ripper katika sehemu za nne hadi sita za msimu wa kwanza. Ciel, ambaye kazi ya ukoo wake ni kuwa mbwa mlinzi wa Malkia Victoria katika ulimwengu wa wahalifu, anatumwa kumsaka muuaji wa makahaba wa mtaa wa Whitechapel, London. Sebastian anachunguza na kumweleza bwana wake kwamba hakuna binadamu mwingine, ila yule waliyekuwa wakimshuku, ambaye angeweza kuyatenda mauaji yale. Kila neno hapo ni kweli. Neno la kulishika ni “binadamu”, na Ciel anachelewa kulishika. Muuaji mmojawapo ni Grell Sutcliff, mchukua roho kutoka ulimwengu usioonekana, na mwenzake ni Madam Red, mama mdogo wa Ciel mwenyewe.

Hapa kuna uandishi wa hali ya juu. Madam Red ni daktari, jambo ambalo kwa mwanamke wa London ya 1888 liliwezekana kwa shida sana. Shule ya kwanza ya udaktari ya wanawake mjini humo ilikuwa imefunguliwa mwaka 1874 tu. Amepoteza mume, mimba na uwezo wa kuzaa katika ajali moja, kisha wanamjia wanawake wanaotaka kutoa mimba wasizozitaka. Wivu unageuka kisu. Anapoinua kisu hicho juu ya Ciel anaiona sura ya dada yake katika uso wa mtoto, mkono unamlegea, na kwa kulegea huko Grell anamuua. Ciel naye, Sebastian alipokuwa karibu kummaliza mama mdogo huyo, anapiga kelele kumzuia. Hiyo ni amri ya kwanza inayotuonyesha moyo wake. Muda si muda inafuata nyingine ya kumwinda aliyebaki. Baadaye anakiri kwamba usiku ule aliweka mbele kumkamata muuaji, akamwacha mwathiriwa wa mwisho afe ilhali angeweza kumwokoa. Mtoto wa umri wa darasa la saba anaitamka sentensi hiyo bila machozi. Sijaona sehemu tatu nyingi za anime zinazofanya kazi kubwa namna hii.

Kisha msimu ukapotea njia. Chanzo kinaeleweka: wakati anime inaanza, manga ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na televisheni ilitaka sehemu 24. Waandishi wakajaza pengo kwa visa vyao. Wakaleta mbwa wa kishetani, wanasesere, na mwishoni malaika anayetaka kuisafisha dunia kwa moto mpaka London yote inawaka. Baadhi ya visa hivyo vina mandhari ya kupendeza. Pambano la mwisho linafanyika juu ya Tower Bridge ambalo ujenzi wake haujakamilika, na kweli daraja lile lilikuwa likijengwa kati ya 1886 na 1894. Lakini malaika yule ni adui wa Sebastian zaidi kuliko alivyo swali kwa Ciel. Tumerudi kwenye mapigano, na mapigano ndiyo mahali mfululizo huu ulipo dhaifu.

Niseme kweli, dakika za mwisho za msimu ule zinaokoa mengi. Ciel ameketi kwenye benchi la mawe katika kisiwa kisicho na mtu. Kisasi kimekwisha, shetani anainama kuchukua malipo yake, na mtoto anachoomba ni kwamba maumivu ayachonge rohoni mwake kwa nguvu kadiri awezavyo. Laiti wangeachia hapo. Kinachoniuma ni kwamba njia ya kufika kwenye lile benchi haikustahili benchi lenyewe.

Msimu wa pili wa mwaka 2010, wenye sehemu 12, ulikuja na mtoto mwingine, Alois Trancy, na shetani mwingine, Claude Faustus. Wazo la kuweka kioo mbele ya Ciel lilikuwa zuri: mtoto mwingine aliyetumika vibaya, mkataba mwingine, mtumishi mwingine, lakini safari hii mtumishi hampendi bwana wake wala hamheshimu. Kwa jinsi Alois anavyobadilika dakika moja kutoka ukatili hadi kulilia kupendwa, kulikuwa na hadithi kamili ndani yake. Badala ya kuisimulia, wakachanganya roho na miili na kumbukumbu mpaka mtazamaji hajui nani ni nani, na mwishowe Ciel mwenyewe akawa shetani, asiyeweza kuliwa, huku Sebastian akibaki kumtumikia milele. Wapo wanaoupenda mwisho huo kwa ujanja wake. Mimi naona uliua mkataba. Deni ambalo haliwezekani kulipwa halimtishi mtu, na bila tishio hilo kila amri ya Ciel inakuwa ya bure. Wenye mfululizo waliona vivyo hivyo, maana waliporudi mwaka 2014 waliutazama msimu wa pili kana kwamba haukuwahi kuwepo.

Waliporudi, walirudi na Book of Circus.

Hizi ni sehemu kumi tu, zikiongozwa na Noriyuki Abe, na kwangu ndizo kilele cha Black Butler nzima. Malkia ameandika barua: watoto wanapotea katika kila mji ambao sarkasi iitwayo Noah's Ark inapita. Ciel na Sebastian wanajiunga na sarkasi hiyo kwa majina ya bandia. Wasanii wake ni vijana wenye viungo vya bandia: Joker mwenye mkono wa bandia, Beast mwenye mguu wa bandia, Dagger, Doll, na wenzao. Wachangamfu, wakarimu, wanamgawia mgeni chakula na kumfundisha kutembea juu ya kamba. Doll analala hema moja na Ciel na kumfanya rafiki. Nao ndio wanaoteka watoto. Waliokotwa mitaani na tajiri mmoja, Baron Kelvin, aliyewapa mikono na miguu, na ambaye ameahidi kuwatunza wadogo zao waliobaki kwenye nyumba ya kazi ya maskini. Ili wadogo zao waishi, wanampelekea watoto wa wengine.

Nyumba za kazi ni historia halisi ya Uingereza. Sheria ya maskini ya mwaka 1834 iliwasukuma wasio na kitu ndani ya majengo yale, ambamo familia zilitenganishwa na watu wakafanyishwa kazi ngumu ili wapewe uji. Mfululizo hautoi hotuba juu ya jambo hilo. Unawaonyesha vijana ambao jambo wanaloliogopa kuliko yote duniani ni wadogo zao kusahauliwa humo ndani. Kisha unatuonyesha viungo vile vya bandia, vyeupe, laini na vyepesi kuliko mbao, na daktari anaeleza kwa majivuno siri ya kauri yake. Waingereza walikuwa wakitengeneza vikombe bora vya chai kwa kuchanganya udongo na majivu ya mifupa ya ng'ombe. Daktari huyu ametumia mifupa ya watoto. Ghafla kila kikombe ambacho Sebastian amemmiminia bwana wake tangu sehemu ya kwanza kinaonekana kwa jicho lingine. Hakuna aliyesema lolote kuhusu vikombe. Ni mtazamaji mwenyewe anayeunganisha.

Kisha inakuja amri. Malkia alitaka watoto waokolewe. Wapo hai, wamefungiwa katika jumba la Kelvin, macho yao yametulia kama ya waliokwisha kuondoka. Ciel, aliyewahi kuwa ndani ya tundu la namna hiyohiyo, anaona mahali palipoigiza kila kitu alichotendewa. Anamuua Kelvin, na anamwamuru Sebastian achome kila kitu, pamoja na watoto. Sebastian, shetani, ndiye anayekumbusha kwamba agizo lilikuwa kuokoa. Nimesoma watu wakitetea amri ile kwa kusema watoto walikwisha kuharibika na kuwaacha hai kungekuwa ukatili. Siikubali hoja hiyo, na nadhani hadithi haitaki tuikubali. Ciel hakuwahurumia. Alikuwa anajichoma mwenyewe, yule mtoto wa 1885, na wengine wakawa kuni. Hapo ndipo kafara ya ndugu ninayoizungumzia inapotokea, na hapo ndipo mfululizo unapokataa kutubembeleza.

Huko nyumbani, wasanii waliobaki wameivamia nyumba ya Phantomhive. Wanakutana na Mey-Rin anayevunja vyombo, Finnian anayeharibu bustani, na Bardroy anayeunguza chakula. Watumishi watatu ambao kwa msimu mzima wa kwanza walikuwa kichekesho cha kuchosha. Usiku huo tunaelewa kwa nini waliajiriwa. Mmoja ni mdunguaji, mwingine ni askari wa zamani, mwingine ana nguvu alizopandikizwa kwa majaribio. Wanaua vijana tuliowapenda, wanaua vizuri, na wanafanya hivyo kwa upendo wa kweli kwa bwana wao. Hakuna upande wa kushangilia. Muziki wa Yasunori Mitsuda unajua hivyo na haujaribu kutusaidia kuchagua.

Mwishoni Ciel anasafiri hadi kwenye ile nyumba ya kazi ili aone wadogo zao. Anakuta magofu. Nyumba ilikwisha kufa zamani. Watoto waliopiganiwa hawakuwepo. Ciel anacheka, kicheko kirefu cha mtu ambaye hana tena njia nyingine ya kupumua. Maaya Sakamoto, anayemwigiza kwa sauti tangu 2008, sijui kama amewahi kufanya kazi bora kuliko kicheko kile.

Baada ya kusifu hivyo, lazima niseme lililo baya, na baya hili halifichiki. Hadithi hii imejengwa juu ya mtoto aliyedhalilishwa. Inajua hivyo, na katika Book of Circus inalitazama jambo hilo bila kupepesa. Lakini kamera ileile, katika sehemu nyingine, inamchezea mtoto huyohuyo: inamvisha gauni na kumfunga mkanda wa kiuno kwa sauti zilizokusudiwa kumfanya mtazamaji afikirie jambo lingine, inamsogeza karibu na mtumishi wake kwa namna ya wapenzi, na katika msimu wa pili inamfanya Alois ajilegeze mbele ya watu wazima kwa namna isiyotazamika. Najibiwa kila mara kwamba ni utani na kwamba mashabiki wanaupenda. Utani huo unaikata hadithi miguu. Huwezi kunitaka nichukie kundi lililomfanya Ciel kuwa kitu cha kutazamwa, halafu unialike nikae nami nimtazame hivyohivyo. Kwa wazazi wanaouliza kama mfululizo huu unawafaa watoto wao kwa sababu mhusika mkuu ni mtoto: hapana, haufai.

Kasoro ya pili inahusu enzi yenyewe. Kama mandhari, London ya Black Butler inavutia sana: ukungu, taa za gesi, vigae vya sakafu, kila kifungo cha koti kimechorwa kwa subira. Sina ugomvi na vitu vilivyowekwa kabla ya wakati wake. Grell ana chenso kabla ya chenso kuwepo, na Sebastian anapika mkate wa mchuzi wa viungo ambao ni chakula cha Japani ya karne ya 20. Toboso anafanya hivyo kwa makusudi na kwa furaha. Wachukua roho huyatazama maisha ya marehemu yakichezeshwa kama sinema, na hilo halipo mbali na ukweli kama linavyoonekana, kwa kuwa baadhi ya picha za kwanza kabisa zinazotembea zilipigwa mjini Leeds Oktoba 1888, katikati ya hofu ya Ripper.

Ugomvi wangu ni kwamba mfululizo unapenda utajiri wa Victoria bila kuuliza umetoka wapi. Katika sehemu ya pili mabwana wa ulimwengu wa chini wanacheza biliadi nyumbani kwa Ciel. Mipira bora ya biliadi ya wakati huo ilichongwa kwa pembe za ndovu, na soko kubwa la pembe za Afrika Mashariki lilikuwa Zanzibar. Tarehe 3 Septemba 1888, kati ya mauaji ya kwanza na ya pili ya Whitechapel, Malkia huyohuyo anayemwandikia Ciel barua aliipa hati ya kifalme Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Mwezi huo huo Pangani ilikuwa imeshawaka dhidi ya kampuni ya Wajerumani chini ya Abushiri bin Salim, na kabla ya mwaka kwisha meli za kivita za Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimeuzingira mwambao wetu kwa pamoja. Sidai Ciel apande meli aje Pangani. Ila hadithi inayomfanya mtoto kuwa mkono mchafu wa Malkia ilikuwa na nafasi ya kuonyesha mikono hiyo inafika wapi.

Mara moja ilijaribu. Katika sehemu za 13 hadi 15 wanakuja Prince Soma kutoka Bengal na mtumishi wake Agni, na kisa kinaishia kwenye mashindano ya mchuzi wa viungo katika Crystal Palace, mbele ya Malkia. Victoria alikuwa na cheo cha Malkia Mtawala wa India tangu miaka ya 1870, na tangu 1887 alikuwa kweli na mtumishi Mhindi aliyemzoesha vyakula vya kwao, kwa hiyo kisa kina mizizi. Soma anaanza kama mtoto wa mfalme aliyedekezwa na anajifunza kwa uchungu kwamba mtumishi wa kike aliyemfuata mpaka London hakuibwa, alimkimbia. Hiyo ni pigo safi kwa tabaka la Ciel mwenyewe. Lakini Agni anabaki kuwa mkono wenye miujiza na kilio cha ibada, na Lau, Mchina wa pango la kasumba, amewekwa kama pambo, huku mwanamke aliyemkalia magotini akivaa gauni lililopata umbo lile katika karne ya 20. Uingereza ilipigana vita mbili na China kuhusu kasumba. Katika mfululizo huu, kasumba ni moshi wa kupendezesha chumba.

Vilivyofuata baada ya sarkasi nitavipitia upesi. Book of Murder ya 2014 ni kitendawili cha mauaji ndani ya nyumba iliyozingirwa na dhoruba, chenye ujanja na kisicho na jeraha la kudumu. Filamu ya 2017, Book of the Atlantic, inaweka maiti zinazotembea ndani ya meli kubwa inayogonga mlima wa barafu. Ni burudani kubwa, na ndani yake tunaonyeshwa kwa mara ya kwanza Sebastian akiwa katika hatari ya kweli, mbele ya Undertaker, mzishi ambaye kumbe ni mchukua roho wa zamani. Tazama jinsi filamu inavyopata pumzi mpya mara tu shetani anapojeruhiwa.

Msimu wa 2024, uliochukuliwa na studio ya CloverWorks, unampeleka Ciel katika shule ya wavulana ya Weston, iliyochorwa kwa mfano wa Eton, shule ya kifahari ya Uingereza. Nyumba nne, rangi nne, viranja wenye nguvu kuliko walimu, na mechi ndefu ya kriketi. Watu walilalamika kwamba ni taratibu mno. Kwa kiasi ni kweli. Sehemu kadhaa zinazunguka kwenye sheria za shule kama darasa la asubuhi lisilokwisha. Lakini wazo la chini yake ni zito: wavulana wema wanaoua kwa ajili ya kulinda desturi, na hawaoni kwamba wamefanya kosa kwa kuwa desturi haikuvunjika. Hiyo ni picha ya taifa lililokuwa likizalisha watawala wa makoloni. Ingekuwa na nguvu zaidi kama Ciel angelazimika kuamuru jambo la kumgharimu. Hakulazimika.

Emerald Witch ya 2025, yenye sehemu 13, inalipa deni hilo. Ciel anatumwa Ujerumani, kwenye kijiji cha wanawake kilichozungukwa na msitu unaosemwa kuwa na watu wanaogeuka mbwa mwitu na laana. Bibi wa kijiji ni Sieglinde Sullivan, mtoto wa miaka 11 aliyefungwa miguu tangu utotoni ili asiweze kutembea, anayeamini kwamba uchawi anaouandika unawalinda watu wake. Kumbe laana ni gesi ya sumu, kijiji ni maabara ya jeshi, na uchawi ni kanuni za silaha ambayo mtoto ameibuni bila kujua ni nini. Ulaya iliiona gesi kwa wingi Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, na mfululizo umeiburuta nyuma miaka 26. Safari hii kuvunja kalenda kuna maana: tunaonyeshwa karne inayokuja ikilelewa chumbani kwa mtoto mwenye akili.

Ciel anavuta gesi hiyo, na mwili wake unamrudisha kwenye lile tundu la 1885. Anapiga mayowe, anamkataa Sebastian, hatoi amri yoyote. Na shetani anachukia. Kwa mara ya kwanza tunamwona Sebastian bila glavu za adabu: bwana asiyeamuru ni chakula kilichochacha, na anakaribia kukila palepale. Wakati huohuo Wolfram, mtumishi wa Sieglinde, binadamu wa kawaida mwenye sura ngumu, anambeba bibi yake chini ya risasi kwa sababu anampenda. Watumishi wawili, watoto wawili, na mmoja tu kati ya watumishi hao ana moyo. Msimu wa pili wa 2010 ulitaka kuweka kioo mbele ya Ciel ukashindwa. Hiki hapa ndicho kioo chenyewe.

Kwa anayetaka kuanza, aangalie sehemu za 1 hadi 6 na 13 hadi 15 za msimu wa kwanza, arukie Book of Circus, kisha Book of Murder, filamu ya meli, shule, na Ujerumani. Msimu wa pili unaweza kusubiri, au usitazamwe kabisa. Baada ya Ujerumani, manga inarudi London, kwenye ukumbi wa muziki ambako watu wanamiminika kila wiki na wengine hawarudi, na nyuma ya ukumbi ule kuna jambo linaloigusa siku ya 14 Desemba 1885 yenyewe. Sitalitaja. CloverWorks wakilifikia, natamani walipe muda uleule waliozipa dakika za Ciel akiwa amejikunja chini ya meza, akikataa kuguswa, na wayaache mapigano yawe mafupi.